Habari Zimfikie Popote Alipo

Baba yangu alikuwa mtu maarufu kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefurahi kumsikia.

Alisoma matangazo ya vifo redioni. Saa saba kamili mchana, kila siku ya Mungu, kinanda kilipigwa taratibu, kisha sauti yake ikaingia, nzito na ya upole: "Familia ya bwana fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao." Baada ya hapo alisema, "Habari ziwafikie," na majina yakaanza kumiminika: kaka, dada, mashemeji, wajomba, aliyeko kiwandani, aliyeko ng'ambo ya mto, na yule asiyejulikana aliko, ambaye habari zilimfuata "popote alipo". Enzi hizo simu zilikuwa za wakubwa na barua zilitembea kwa kujivuta. Kama mama yako amefariki nawe uko mbali, aliyekwambia alikuwa baba yangu.

Watu walimwita Saa Saba. Mji mzima ulimjua, na mji mzima ulimkwepa. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Akimpigia mtu simu ofisini, balaa. Siku moja alipiga idara ya maji kuuliza kwa nini bomba letu limekauka, karani akasikia "Habari za mchana", akaangusha simu na kuangua kilio. Harusini walimkaribisha kwa heshima zote, wakamketisha meza ya mbele, wakamwomba kwa adabu asiseme kitu. Wazazi wakiwatisha watoto watukutu hawakuwatajia zimwi. Waliwaambia, "Endelea kupanda hapo juu, Saa Saba atakusoma."

Mwenyewe hakujali hata kidogo. Aliichukulia kazi ile kama daktari anavyochukulia upasuaji. Majina magumu aliyafanyia mazoezi bafuni, na sisi tulioamka mapema tukayasikia yakitoka na maji. Wakati mmoja bosi wake alimwambia akate orodha ya jamaa wa mjane mmoja kwa sababu habari za mpira zilikuwa zinangoja. Baba akasoma majina yote arobaini na mawili, polepole, na mpira ukangoja. Alipewa onyo la maandishi, akalitia kwenye fremu na kulitundika sebuleni.

Mimi, binti yake, sikuwahi kumsikiliza mpaka mwisho hata siku moja. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimechoka kujitetea.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni kwetu mlinzi alikuwa na redio, na saa saba tulikuwa uwanjani tunaruka kamba. Rafiki yangu niliyekuwa naketi naye dawati moja alikuwa katikati ya kamba pale baba yangu aliposoma jina la mama yake. Mama huyo alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, na nyumbani kwao walikuwa hawajamwambia mtoto. Alisimama, kamba ikampiga miguuni, akanitazama mimi. Hakuitazama redio. Hakunisemesha tena mpaka tulipomaliza shule.

Tangu siku hiyo, ikifika saa saba kasoro dakika moja, kama redio iko karibu naizima. Nilifanya hivyo nyumbani, nikafanya hivyo nilipoolewa, nikafanya hivyo nilipofungua kazi yangu ya ushonaji. Baba hakuwahi kuniuliza. Nilidhani hajui.

Halafu akastaafu, na umaarufu ukaanza kumtoka. Mwaka wa kwanza watu bado walimpisha kwenye foleni ya benki, na wengine walihama foleni kabisa. Mwaka wa tano wakaanza kumuuliza, "Mzee, sauti yako siyo ngeni, uliwahi kuwa mwalimu?" Mwaka wa kumi na tano, muuguzi kijana pale zahanati alimwambia, "Babu, usiongee kwa kukoroma hivyo, utaumia koo." Baba alirudi akacheka mpaka akakohoa, lakini nilimwona jioni hiyo akifuta vumbi kwenye onyo lake la maandishi, naye si mtu wa kufuta vumbi.

Mama alipofariki nilimleta kwangu. Binti yangu mwenye miaka kumi na tisa aliishi na babu yake nyumba moja kwa miaka tisa, akijua babu "alikuwa redioni". Nilipomuuliza anadhani alikuwa akifanya nini huko redioni, akapandisha mabega.

"Si kufagia?" akasema.

Wiki yake ya mwisho baba aliniita kando ya kitanda. Sauti ilikuwa imebaki ileile, mwili ndio ulikuwa umeisha.

"Kwenye mkebe wako wa vifungo, chini kabisa, kuna kaseti," akasema.

"Mkebe wangu? Uliiweka lini?"

"Siku niliyostaafu. Ni tangazo langu. Sitaki kusomwa na mtu anayetafuna maneno. Ipigwe kwenye redio yetu, saa saba kamili. Siyo saa saba na dakika mbili. Na lisikike lote, neno kwa neno. Usilisikilize kabla ya hapo."

"Baba, redio ile siku hizi ni vichekesho na miziki."

"Niahidi."

Nikaahidi. Ningefanyaje? Alifariki Jumanne alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Katika dunia nzima mimi ndiye mtu wa kwanza kujua, na naomba msomaji alikumbuke hilo, maana baadaye litanitoa jasho.

Sikulia. Nilikuwa na viti vya kukodi, sanda ya kushona, na kaka.

Kaka yangu mkubwa ni mtu mwema ambaye hajawahi kuwahi kitu chochote tangu azaliwe. Yeye alishatuma taarifa kwenye kundi la familia kwenye simu, akaona kazi imekwisha.

"Watu thelathini na nne wamesoma," akaniambia.

"Wangapi wamekuja?"

Tukatazama nje. Walikuwa kumi na mmoja. Wawili kati yao, tulipowauliza, walikuwa wanatafuta msiba wa mtaa wa pili, wakaaga na kuondoka na chai yetu tumboni. Baba yangu, aliyewaita watu kwenye mazishi ya mji mzima, alikuwa na watu tisa. Nilipandwa na hasira, nikavaa viatu.

Jumatano saa tano nilikuwa mapokezi ya redio, kaseti kwenye mkoba na redio kaseti yangu ya zamani kwapani, kwa sababu nilijua watoto wale hawatakuwa na kifaa cha kuipigia. Kaseti ilikuwa imefungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa baba: "Baada ya maneno 'kilichotokea siku ya', nimeacha sekunde tano. Msomaji ataje siku. Ataje kwa utulivu."

Meneja wa vipindi alinipokea kwa tabasamu. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu.

"Mama, pole sana. Lakini saa saba ni kipindi cha Vunja Mbavu. Msikilizaji anacheka, ghafla umtupie maiti? Haiendani. Njoo Jumapili saa kumi na moja alfajiri, nitakupa dakika moja."

"Tunazika kesho."

"Basi tutaweka kwenye ukurasa wetu, na picha ya mshumaa."

Nilimkata jicho. Kisha, badala ya kumjibu, nikaweka redio yangu juu ya meza ya mapokezi na kubonyeza kitufe, ili ajue tu kwamba baba hakuwa mtu wa picha ya mshumaa. Kinanda kikalia. Sauti ikaingia.

"Familia inasikitika kutangaza."

Nikazima hapo hapo. Ilitosha. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima kama mimi, alikuwa amesimama wima na kofia mkononi. Mhasibu akachomoka chumba cha nyuma, mkono kifuani, na kuuliza, "Nani? Nani tena?" Mama wa usafi aliketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa. Meneja akawatazama mmoja mmoja kama watu waliopagawa.

Hapo akatokea mtangazaji wa Vunja Mbavu, msichana anayejiita Pilipili, suruali imechanwa magotini kwa makusudi. Alikuwa ameshika glasi ya maji bila kuinywa.

"Huyo ni nani?" akauliza. "Mbona nywele zimenisimama?"

"Baba yangu."

"Amekufa nani?"

"Yeye."

Akaiweka glasi mezani. "Bosi, hii inaingia saa saba. Ukikataa mimi leo naumwa."

Meneja akakubali, maana bila Pilipili hakuna kipindi.

Saa saba kasoro dakika kumi nilikuwa ndani ya studio, kaseti imerudishwa mwanzo, kaka hajafika ingawa alisema yuko njiani. Kulikuwa na kamera ndogo ukutani, kwa kuwa siku hizi redio nayo inataka kutazamwa. Nikamfundisha Pilipili kusema "Jumanne". Mara ya kwanza aliisema kama mtu anayetangaza mshindi wa bahati nasibu. Mara ya pili alinong'ona kama anamtongoza mtu. Mara ya nne ikakaa sawa.

"Baada ya 'kilichotokea siku ya'," nikamkumbusha. "Sekunde tano. Ndiyo kazi yako pekee."

"Mama, niamini."

Saa saba kamili, mshale haujatikisika kupita, nikasogeza spika ya redio yangu kwenye kipaza sauti na kubonyeza. Kinanda kikalia, kikachuja kidogo kwa uzee wa kaseti. Kidole changu kikaanza kutafuta kitufe cha kuzima chenyewe, kwa mazoea ya miaka arobaini. Nilikishika kwa mkono wa pili.

Baba akasoma kama alivyosoma siku zote, hakujiongezea wala hakujipunguzia. Akataja majina yake matatu. Akasema yeye ni msomaji mstaafu wa matangazo haya haya. Akasema familia inasikitika kutangaza kifo chake, "kilichotokea siku ya".

Kimya.

Nikamtazama Pilipili. Alikuwa mdomo wazi, machozi yamejaa, ametekwa. Nilimpiga teke chini ya meza. Sekunde ya tatu. Sekunde ya nne.

Sasa, jambo ambalo baba hakulijua, na mimi sikulijua, na Pilipili alilijua lakini akili yake haikuwepo pale, ni kwamba redio za siku hizi zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta haivumilii kimya. Ikisikia kimya cha sekunde nne inadhani mitambo imeharibika, nayo kwa wema wake inarusha tangazo la biashara.

"GODORO JIPYA LIMEINGIA!" ikapiga kelele. "Laini! Zito! La kudumu! Ukilala, hutaki kuamka tena!"

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha kaseti, kama ninavyoachia pedali ya cherehani uzi ukikatika. Muziki wa godoro ukapigwa mpaka mwisho wake. Pilipili alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Nje ya kioo, meneja alikuwa anarukaruka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kabla ya kunimeza immeze meneja.

Lakini niliahidi lote, neno kwa neno. Nikabonyeza tena.

"Baada ya kuugua kwa muda mfupi," akaendelea baba kwa utulivu, kana kwamba alilijua godoro lile tangu zamani.

Siku haikutajwa. Nikajua nimeshindwa, na bado nikabaki nimeishikilia redio ile, maana orodha ilikuwa imeanza.

"Habari ziwafikie," akasema, na akaanza kuwataja. Kaka yake fundi saa: alishazikwa miaka kumi na tisa iliyopita. Fundi mitambo aliyemrekodi: marehemu. Mpiga kinanda wa kile kinanda: marehemu. Dada zake wawili, shemeji yake wa reli, jirani yake wa zamani mwenye mbuzi. Nilihesabu kumi na wawili, na wote walikuwa wameshatangulia. Kaseti ilikuwa na miaka ishirini na mitano. Baba yangu alikuwa anawapa habari wafu, na nadhani wao walikuwa wamezipata kabla yetu.

"Zimfikie mwanangu wa kiume, popote alipo, na kwa mara hii moja awahi."

Mlango wa studio ukafunguliwa, kaka akaingia anahema. Pilipili akatoa sauti fulani kati ya kilio na kicheko. Kaka akauliza kwa ishara kama imeshaanza.

"Na mwisho," akasema baba, "habari zimfikie binti yangu, fundi cherehani, nyumba yenye mlango wa kijani, mkabala na kiwanda cha sabuni. Yeye hasikilizi kipindi hiki. Ikifika saa saba kasoro dakika moja huizima redio, tangu ana miaka kumi na miwili, na sababu anayo. Kwa hiyo jirani yeyote anayesikia tangazo hili, ama mpita njia, tafadhali amgongee mlango. Amwambie taratibu. Amwambie akiwa ameketi. Asante."

Kaseti ikatoa mlio mdogo, kitufe kikaruka juu. Kompyuta ikasubiri sekunde zake nne, ikarudia godoro.

Nilitoka pale bila kuaga. Nilikuwa na hasira na Pilipili, na meneja, na mwenye kiwanda cha magodoro, na baba mwenyewe, ambaye alijua kwa miaka yote hiyo akanyamaza na kwenda kulisema hadharani. Machozi hayakutoka. Kaka alilia kwa niaba yangu njia nzima.

Tulipofika mtaani kulikuwa na kelele. Hapa inabidi nieleze kuhusu milango. Mlango wangu ulikuwa wa kijani zamani. Miaka kumi na miwili iliyopita niliupaka rangi ya samawati, na rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo nikampa jirani yangu, muuguzi mstaafu, akapaka wake. Kiwanda cha sabuni kilishafungwa, sasa ni ukumbi wa watu wanaonyanyua vyuma. Lakini watu wazima wa mji huu wanakumbuka kiwanda kilipokuwa, na waliotii sauti ile ujanani waliitii tena. Walikuja. Walipita katikati ya viti vya msiba wangu, wakasema samahani, samahani, wakaenda kugonga kwa jirani.

Wa kwanza alimwambia jirani yangu, "Dada, keti kwanza. Baba yako amefariki."

Jirani alianguka palepale. Baba yake, mzee wa miaka tisini na moja, alikuwa chumba cha pili anakula uji.

"Nani kafa?" akauliza mzee.

"Wewe, baba," jirani akajibu kutoka sakafuni.

"Ala," akasema mzee. "Mbona sijaambiwa?"

Mpaka jioni walikuwa wameshagonga watu ishirini na sita. Jirani alinijia akiwa ameshika brashi. "Shoga yangu," akasema, "nakupenda, lakini huu mlango leo leo unabadilika." Akaupaka kahawia hata kabla jua halijazama, wageni wakaendelea kumgongea, wakatoka na vidole vya kahawia.

Kumbe ile kamera ya studio ilikuwa imeshafanya mambo yake. Binti yangu alikuja na simu, macho yamemtoka.

"Mama, babu yuko kila mahali."

Ndivyo ilivyokuwa. Pilipili mdomo wazi, mimi nimekumbatia redio kaseti kama mtoto mchanga, "kilichotokea siku ya", halafu godoro. Vijana walikuwa wamekata kipande hicho na kukiweka juu ya kila kitu. Timu imefungwa: "Familia inasikitika kutangaza." Umeme umekatika: "Habari ziwafikie." Mvulana ameachwa na mpenzi wake: "Amwambie akiwa ameketi."

"Wanamcheka baba yangu," nikasema.

"Hawamcheki, mama. Wanampenda." Akaizima simu. "Kwa nini hukuniambia babu alikuwa mtu?"

Nikaenda kuhesabu viti vya kesho.

Alhamisi saa kumi tulimzika na watu zaidi ya mia nne. Nusu walikuwa wazee waliokuja kuhakikisha kwamba Saa Saba kweli naye husomwa. Nusu walikuwa vijana wenye simu, waliosimama kimya kuliko nilivyotarajia. Pilipili alikuja na gauni refu, akaniomba msamaha mara sita. Meneja alituma shada. Mwenye magodoro naye alituma shada, na lilikuwa kubwa kuliko yote.

Wiki ya tatu vijana walipata kichekesho kingine, mbuzi aliyeingia benki, na baba akapotea kwenye simu zao kama alivyopotea kwenye foleni za benki. Mara hii haikuchukua miaka kumi na tano. Binti yangu peke yake ndiye aliyebaki na sauti ile kama mlio wa simu yake, na kila akipigiwa tunapata mshtuko nyumba nzima.

Mimi nikarudi kwenye cherehani. Watu waliponiuliza kama nimepoa, niliwaambia nina nguo za sare za shule mia na hamsini. Kilichonikaa kooni kilikuwa jambo moja tu: niliahidi lote, na siku haikusomwa. Mtu aliyekataa kukata jina moja kati ya arobaini na mawili, tangazo lake mwenyewe lilikwenda na tundu katikati, na ndani ya tundu hilo limelala godoro.

Ilikuwa mwezi wa tatu baada ya mazishi, saa nane mchana, nilipogongewa. Nilifungua nikiwa na pini mdomoni. Jirani yangu alikuwa amemshika mkono mzee mrefu, mkavu, macho yamefunikwa na utando mweupe, viatu vimejaa vumbi la mbali.

"Huyu ni wako," akasema jirani. "Amenikuta mimi kwanza, nikamwambia mapema kabla hajaniketisha." Akaondoka.

Mzee akaelekeza uso wake nilipokuwa.

"Wewe ndiye fundi cherehani? Binti wa yule msomaji?"

Nikatoa pini. "Ndiye mimi, mzee. Lakini—"

"Ngoja, mwanangu. Nimetembea siku mbili, niache niseme kwa utaratibu wake." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa machimbo ya chokaa, kijana, mwaka wa tatu sijakanyaga nyumbani. Saa saba tunakula, redio ya msimamizi inasema. Akanitaja. Majina yangu yote matatu, hakukosea hata moja. Kule machimboni waliniita Mrefu tu, sikuwa nimesikia jina langu lote tangu niondoke nyumbani. Mama yangu amefariki, habari zinifikie popote nilipo. Niliacha sururu pale pale. Nikawahi kumzika."

Nikaichomeka ile pini begani mwa blauzi.

"Juzi mjukuu wangu anachezea simu yake, nikaisikia sauti. Nikamwambia rudisha. Wao wanacheka, mimi nasikiliza. Anaomba mtu akugongee mlango, na anasema redio yako imezimwa. Nikajiuliza, je, waliomsikia walikwenda? Au kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda? Basi nimekuja mimi." Akapapasa hewani, akaupata mgongo wa kiti changu cha cherehani, akakivuta kuelekea kwangu. "Keti, mwanangu."

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia kwamba nilimshika baba mkono, kwamba watu mia nne walikuja, kwamba wamegonga kwa jirani mpaka bawaba zimelegea. Maneno yote yalikuwepo. Nikaketi.

Akainama, akautafuta mkono wangu, akaushika.

"Baba yako amefariki," akasema taratibu.

Nikalia. Nililia kwa sauti, kwa kamasi, bila haya, kama mtu aliyeambiwa dakika ile ile, mpaka binti yangu akatoka jikoni mbio na kusimama mlangoni na mwiko. Mzee hakuniambia nyamaza. Alikingoja kilio chote kiishe, mkono wangu ukiwa ndani ya wake, na nilipobaki na kwikwi tu akajikohoza.

"Samahani kukuuliza," akasema. "Siku gani? Maana pale kwenye siku, mimi nilisikia habari za godoro."

Nikajifuta uso kwa kitambaa cha sare ya mtoto wa watu.

"Jumanne," nikasema, kwa utulivu. "Jumanne alfajiri."